HITILAFU SI YA UMEME



Nyumba inapoungua katika mkoa wetu, chanzo hutajwa upesi: "hitilafu ya umeme". Maneno hayo yakishatamkwa, kila mtu hushika njia yake. Haulizwi aliyefunga nyaya, wala umri wa nyaya hizo, wala aliyeombwa kuzibadilisha akakataa. Umeme hushtakiwa na kuhukumiwa kana kwamba ni mtu mwenye nia mbaya. Hukumu hiyo hatuna budi kuikataa. Umeme hauna hiari. Hutii maumbile yake usiku na mchana. Mwenye hiari ni binadamu, na penye hiari ndipo penye wajibu.

Mkoa wetu si mgeni wa umeme. Kituo cha Hale kilianza mwaka 1964, na cha Nyumba ya Mungu, hapa jirani, mwaka 1968. Kwa hiyo zipo nyumba, hapa Kiboriloni na kupanda mlimani, ambazo nyaya zake zilifungwa wakati wa babu zetu. Zilifungwa kwa ajili ya taa chache, redio na pasi ya Jumapili. Leo nyaya zilezile zabebeshwa jokofu, televisheni, birika, chaja za simu na hita ya maji ya kuoga. Mpira au plastiki iliyozifunika imekauka na kupasuka, panya wametafuna palipobaki, na juu yake twaongeza soketi nyingine.

Tuelewe jambo hili vizuri. Mkondo wa umeme ukiongezeka mara mbili katika waya uleule, joto huwa mara nne. Hita ya wati 3,500 huvuta ampia 15 hivi. Ukiichomeka kwenye waya mwembamba uliokusudiwa taa, unawasha jiko ndani ya dari. Sasa fikirini mwezi wa Desemba. Wana wa mlima wanarudi kutoka Dar es Salaam, Arusha na Mwanza. Nyumba iliyokuwa na bibi mmoja na taa mbili inajaa watu ishirini, muziki, majokofu ya vinywaji na taa za Noeli. Nyaya za bibi, zilizolala mwaka mzima, zabebeshwa mzigo wote kwa usiku mmoja. Fyuzi inakatika, kwa sababu kazi yake ni kukatika. Naye kijana mwerevu anachukua kipande cha waya wa shaba na kuziba pengo. Muziki unaendelea, lakini mlinzi wa nyumba ameuawa.

Moto si hatari pekee. Nyumba nyingi za zamani hazina waya wa ardhi, au fimbo yake imeliwa na kutu, au ardhi ya kiangazi imekauka hata haipokei umeme unaovuja. Hapo bati la paa, mlango wa chuma au mwili wa jokofu waweza kuwa mtego. Kipo kifaa kinacholinganisha umeme unaoingia na unaorudi, ambacho hukata mara moja tofauti inapofika miliampia 30, kabla moyo wa mtu haujasimama. Kifaa hicho si anasa. Ni haki ya kila mtoto anayeshika mlango wa jokofu kwa mkono wenye maji.

Najua majibu yetu. La kwanza: "Mzee ameishi humo miaka arobaini bila kudhurika." Waya hauweki kumbukumbu ya fadhila, kila mwaka uliopita umeudhoofisha. La pili: "Ajali ni mapenzi ya Mungu." Hili ni kumsingizia Muumba. Sheria ya Musa, katika Kumbukumbu la Torati 22:8, ilimwamuru mwenye nyumba kuzungushia ukuta juu ya dari lake, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Basi nyumba isiyo salama ni suala la damu, wala si la bahati.

La tatu ndilo zito: "Hatuna fedha." Kwa mjane anayeuza ndizi sokoni ni kweli, na kwake jumuiya nzima ina deni. Lakini kwa wengi wetu si kweli. Twachangia arusi kwa kamati na vikao. Twajenga makaburi ya vigae vinavyong'aa. Mama aliye hai analala chini ya nyaya zilizo uchi, kisha akifa twamwekea taa kaburini! Heshima hii imechelewa, tena imegeuzwa juu chini.

Kwa wenye nyumba za kupangisha, neno langu ni kali zaidi. Mpangaji analipa kodi kila mwezi; hawezi kuvunja ukuta wako ili abadilishe nyaya. Vyumba sita kwenye mita moja ya Luku, vyote vikitegemea waya mmoja uliochoka, ni dhuluma hata kama kodi ni nafuu. Huko Uingereza, tangu mwaka 2020 sheria inamlazimu mwenye nyumba ya kupangisha kukaguliwa mfumo wa umeme angalau kila miaka 5. Mpangaji wa Kiboriloni ana mwili uleule unaoungua.

Wala serikali isijifiche nyuma yetu. TANESCO huwajibika hadi kwenye mita. Baada ya mita mzigo ni wa mwananchi. EWURA ndiyo inayotoa leseni kwa mafundi wa umeme, lakini mwananchi hukutana kwanza na kishoka. Twadai majina ya mafundi wenye leseni yabandikwe katika kila ofisi ya kata, na nyumba za kupangisha zikaguliwe kwa ratiba inayojulikana.

Sisi nasi tuanze. Kila jumuiya ihesabu nyumba zake za zamani, hasa za wazee na wajane, kabla ya Desemba. Fundi mwenye leseni azikague: ubao wa fyuzi, waya wa ardhi, soketi zenye alama ya kuungua. Panapohitajika nyaya mpya, watoto walio mijini wapewe taarifa kwa majina, na mchango uanze kama uanzavyo wa arusi. Asiye na mtoto, jumuiya iwe mtoto wake. Na atakayeziba fyuzi kwa waya, jirani amwambie papo hapo, bila haya, maana ukuta wao ni mmoja na moto hauulizi mpaka wa kihamba.