SANTURI BORA YA QUEEN HAIPIMWI KWA WIMBO MMOJA

Yapo mabishano ambayo mtu asiyeyafuatilia huyaona kuwa ni ya wasio na kazi, kumbe ndani yake limefichika swali zito. Mojawapo ni mabishano ya mashabiki wa bendi ya Queen ya Uingereza. Kwa takriban nusu karne wapenzi hao wa muziki wa roki wamekuwa wakivutana juu ya jambo moja: kati ya santuri 15, au albamu kama vijana wanavyoziita, ambazo bendi hiyo iliziandaa studio na kuzitoa kuanzia mwaka 1973 hadi 1995, ni ipi iliyo bora kuliko zote?

Walio wengi hawachelewi kujibu. Husema ni "A Night at the Opera" ya mwaka 1975. Ukiwataka watoe hoja, hutaja wimbo mmoja tu, "Bohemian Rhapsody", kisha huketi kama wakili aliyekwisha kushinda kesi. Sisi tunasema kesi hiyo haijaanza hata kusikilizwa. Tunasema vile vile kwamba santuri bora ya Queen ni "Sheer Heart Attack", iliyotoka Novemba 1974, na kwamba wanaoipita bila kuitazama wamepotoshwa na mizani mbovu.

Santuri hiyo ya mwaka 1975 ina nyimbo 12, na huo unaosifiwa ni wa 11. Hebu na tujiulize: ni mwalimu gani anayesahihisha mtihani wenye maswali 12 akampa mwanafunzi alama zote kwa sababu swali la 11 limejibiwa kwa ufundi wa kustaajabisha? Ni mkuu gani wa idara anayeandika katika taarifa ya mwaka kwamba idara nzima imefanya vyema kwa kuwa ofisa mmoja alifanya maajabu? Yale ambayo tungeyaita upendeleo darasani na ofisini, kwa nini tuyaite ujuzi tunapozungumzia sanaa?

Hatusemi kwamba "Bohemian Rhapsody" ni wimbo hafifu. Ni kazi kubwa ya karibu dakika sita, iliyokaa kileleni mwa chati ya Uingereza kwa majuma tisa na kurudi tena kileleni mwaka 1991, baada ya kufariki mtunzi wake, Freddie Mercury. Tunachokataa ni kuufanya wimbo huo kuwa cheti cha jirani zake. Isitoshe, wanaojidai kuitetea santuri hiyo ndio wanaoidhalilisha. Ni wangapi kati yao hutaja "The Prophet's Song", utunzi wa Brian May wenye zaidi ya dakika nane, ambao umo humo humo na ni mrefu kuliko huo wanaousifu? Ni wangapi hukumbuka kwamba "You're My Best Friend" ulitungwa na John Deacon, mpiga besi asiyependa makuu? Wameisifu nyumba kwa ajili ya mlango wake, na vyumba hawajaviingia.

Lipo kundi la pili, nalo hutegemea hesabu ya mauzo. Hawa hutukumbusha methali isemayo chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi na tuwafuate hadi mwisho wa njia yao. Santuri ya Queen iliyouzwa kuliko zote nchini Uingereza ni "Greatest Hits" ya mwaka 1981, ambayo mwaka 2022 ilitangazwa kuwa ya kwanza nchini humo kufikisha nakala 7,000,000, usikilizaji wa njia za kisasa ukihesabiwa pamoja na mauzo. Lakini hiyo si santuri iliyotungwa. Ni mkusanyiko wa nyimbo zilizokwisha kuvuma. Kama mauzo ndiyo hakimu, mashabiki wafunge mjadala na kutangaza kwamba kazi bora ya wanamuziki hao ni ile ambayo hawakuitungia chochote. Hakuna mwenye akili timamu atakayekubali hukumu hiyo.

Kundi la tatu liko karibu nasi zaidi, na kwa hiyo latupasa kulieleza ukweli bila kificho. Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara, mtoto wa familia ya Kiparsi ambayo baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Familia hiyo ilihamia Uingereza mwaka 1964. Kwa sababu hiyo wapo wenzetu wanaoichagua santuri ya mwaka 1975 kwa fahari tu, kwa kuwa ndani ya wimbo wake mashuhuri limo neno ambalo kila mtoto wa pwani hulijua kabla hajajifunza kusoma. Mcheza kwao hutunzwa, hatukatai. Lakini fahari ya kuzaliwa ni jambo moja, na ubora wa kazi ni jambo jingine. Anayempenda ndugu yake kwa dhati huisoma kazi yake yote, hatosheki na ukurasa mmoja wenye jina la kijijini kwao.

Ikiwa mizani hizo tatu ni mbovu, ipi ni ya haki? Sisi tunaona kwamba santuri yapasa ipimwe kwa mambo mawili. Kwanza, je, ni kitu kimoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, au ni mzigo wa nyimbo uliofungwa kwa kamba? Pili, je, ni kazi ya wote walioandikwa jina juu yake?

Tuitazame "Sheer Heart Attack" kwa jambo la kwanza. Ina nyimbo 13. Katika upande wa kwanza, nyimbo tatu zinazofuatana, wa Roger Taylor mmoja na wa Mercury miwili, zimeunganishwa bila kituo, hata msikilizaji hajui mmoja umeishia wapi na mwingine umeanzia wapi. Upande wa pili unafunguliwa na "In the Lap of the Gods" na kufungwa na wimbo mwingine wenye jina lilo hilo, kama hotuba inayorudi kwenye neno lake la kwanza ikiwa imeongezeka uzito. Katikati mna roki ya kasi, mna wimbo mfupi wa piano unaokaribia kuwa wa kubembelezea watoto, mna mzaha wa muziki wa zamani, na mna "Killer Queen", uliofika nafasi ya pili nchini Uingereza na kuwafungulia vijana hao njia ya Marekani. Sauti zilizopandishwa juu ya sauti, ambazo dunia ilizishangaa mwaka 1975, zilikuwa zimekwisha kukomaa katika wimbo huo mwaka mmoja kabla. Tena kazi hiyo yote ilifanywa bila sinthesaiza, chombo ambacho Queen hawakukitumia hadi santuri yao ya mwaka 1980.

Sasa jambo la pili, ambalo ndilo kiini cha hoja yetu. Mwaka 1974, wakiwa ziarani Marekani, Brian May alishikwa na homa ya manjano ya ini, ziara ikakatishwa. Walipoanza kurekodi santuri hii akaugua tena, mara hii vidonda vya tumbo, akalazwa hospitali. Huyu ndiye mpiga gitaa la solo, mtu aliyetengeneza gitaa lake kwa mikono yake akisaidiwa na baba yake, kwa mbao zilizotoka katika meko kuukuu. Bendi yenye tamaa ingetafuta mtu mwingine. Wenzake watatu waliendelea na kazi studio, wakarekodi ngoma, besi, piano na sauti, na kila palipohitaji gitaa lake wakapaacha wazi hadi atakapopona. Deacon, ambaye hadi wakati huo hakuwa na wimbo wake hata mmoja katika santuri za Queen, alitunga "Misfire" na kuipigia mwenyewe sehemu kubwa ya magitaa. May aliporudi aliziba nafasi alizowekewa, naye akaleta "Now I'm Here", wimbo aliouandika akiwa mgonjwa.

Tuelewane vizuri. Hatuisifu santuri hii kwa sababu mtu aliugua. Ugonjwa si hoja. Tunaisifu kwa sababu pengo halisikiki. Anayeisikiliza bila kusimuliwa habari hii hatajua kamwe kwamba mmoja wa wanne alikuwa kitandani. Huo ndio ufundi wa watu wanaofanya kazi pamoja. Tena humo ndimo ulimo "Stone Cold Crazy", wimbo wa kwanza wa Queen kuandikwa kwa majina ya wote wanne.

Umuhimu wa jambo hilo ulionekana baadaye. "Bohemian Rhapsody" ulipotolewa, upande wa pili wa sahani uliwekwa wimbo wa Taylor, na kwa taratibu za haki za watunzi upande huo ulimletea fedha sawa na zile zilizomwendea Mercury. Ugomvi wa mapato ya nyimbo uliwasumbua kwa miaka mingi, hata walipotengeneza "The Miracle" ya mwaka 1989 wakakata shauri kwamba kila wimbo uandikwe kuwa ni wa Queen. Kwa maneno mengine, wanamuziki wenyewe walifikia mwisho wa safari kanuni ambayo walikuwa wameionja mwaka 1974. Mashabiki wanaoigeuza bendi ya watu wanne kuwa kivuli cha mtu mmoja wanakataa somo ambalo wenyewe walilinunua kwa gharama kubwa.

Wapinzani wetu wenye hoja za kweli ni wawili. Wa kwanza ni wafuasi wa "Queen II", ambayo pia ni ya mwaka 1974. Ni santuri ya ujasiri, lakini iligawanywa kama shamba la urithi: upande mweupe karibu wote ni wa May, upande mweusi wote ni wa Mercury, na Deacon hana hata wimbo. Wa pili ni wafuasi wa "Innuendo" ya mwaka 1991, iliyoimbwa na Mercury huku maradhi yakimla. Alifariki tarehe 24 Novemba mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 45. Huyu tunamwinamia kwa heshima. Hata hivyo wimbo mkuu wa santuri hiyo ulihitaji gitaa la mgeni, Steve Howe, na wengi wanaoipa nafasi ya kwanza husukumwa na huzuni. Huzuni ni haki ya marehemu, lakini si kipimo cha muziki.

Mwisho, wapo wanaosema kwamba bendi iliyokwenda kupiga muziki Sun City mwaka 1984, wakati Umoja wa Mataifa umetaka wasanii waisusie Afrika Kusini ya makaburu, haistahili kujadiliwa hata kidogo. Kosa hilo lilikuwa kubwa, na hakuna shabiki mwenye haki ya kulifuta. Lakini mizani ya haki haina pande mbili. Wema wa kazi ya mwaka 1974 hauoshi aibu ya mwaka 1984, na aibu hiyo nayo haiwezi kurudi nyuma miaka kumi ikaharibu kazi iliyokwisha kukamilika.

Tunawaomba basi wapenzi wa Queen, wazee kwa vijana, pamoja na wale walioijua bendi hiyo kwa filamu ya mwaka 2018, wafanye jambo moja kabla ya kurudi katika mabishano. Waisikilize "Sheer Heart Attack" tangu wimbo wa kwanza hadi wa 13 bila kuruka hata mmoja. Kisha wafanye vivyo hivyo kwa ile wanayoitetea. Atakayeshindwa kuimaliza santuri yake mwenyewe ajue kwamba alikuwa anatetea wimbo tu.