KUZUNGUMZA NA MGONJWA WA AKILI NI KAZI



Wako wenzetu katika karakana na stesheni wasemao kwamba kazi ya nesi wa wagonjwa wa akili ni kufunga milango, kugawa vidonge na kudunga sindano. Na yule aonekanaye ameketi na mgonjwa wakiongea, ati huyo anapumzika. Sisi twasema sivyo. Kule kuongea ni kazi yenyewe, nayo ina kanuni zake kama ilivyo kazi ya reli.

Tazameni. Stesheni masta apokeapo habari ya treni kwa simu, huirudia ili aliyeituma ajue kuwa imefika kama ilivyotumwa. Nesi hufanya vivyo hivyo. Mgonjwa akisema, "Silali, wananitafuta," nesi hujibu, "Wasema hulali kwa kuwa waogopa kuna watu wakutafutao." Hapo mgonjwa ajua amesikiwa, na kama nesi hakuelewa, atamsahihisha.

Tena, fundi agongaye magurudumu kwa nyundo hunyamaza asikie mlio, maana gurudumu lenye ufa halilii kama lililo zima. Nesi naye hufundishwa kunyamaza. Mtu mwenye huzuni nyingi hujibu polepole. Ukimharakisha, umemziba mdomo.

Mgonjwa akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, nesi hashindani naye, wala hajifanyi kuzisikia. Husema, "Mimi sizisikii, lakini naona zakutia hofu." Hasemi, "Usijali, kesho utapona," kwani hiyo ni ahadi asiyoweza kuitimiza. Na akishuku kwamba mgonjwa ataka kujiua, humwuliza waziwazi, wala haahidi kuifanya siri. Wengi hudhani kuuliza hivyo ni kumtia mtu wazo baya. Sivyo. Kuulizwa humpa nafasi ya kuutua mzigo. Hapa Kenya watu waliuficha mzigo huo pia kwa kuogopa polisi, kwa sababu kujaribu kujiua kulihesabiwa kosa la jinai, mpaka Januari 2025 Mahakama Kuu ilipoamua kwamba sheria hiyo yapingana na Katiba.

Elimu hii si ya jana. Mwaka 1952 nesi wa Marekani, Hildegard Peplau, alitoa kitabu akaonyesha kwamba uhusiano wa nesi na mgonjwa ni sehemu ya matibabu. Hapa kwetu hospitali ya Mathari, Nairobi, ilianza mwaka 1910 kama nyumba ya kuwatenga wenye wazimu. Kumtenga mtu kwahitaji kuta na kufuli tu; kumponya kwahitaji watu.

Na hapa ndipo penye shauri letu. Mwenzetu mmoja wa kikosi cha njia alilazwa katika hospitali fulani. Wiki ya kwanza na ya pili hakuulizwa neno ila jina lake na kama amemeza dawa. Manesi hawakuwa wabaya. Walikuwa wachache, na wodi imejaa. Wiki ya tatu alipatikana mmoja aliyeweza kuketi naye robo saa kila jioni. Ndipo alipoanza kusema juu ya deni na juu ya mtoto aliyefiwa naye, mambo ambayo hakuna kidonge kingeyajua.

Basi wale wanaosema manesi wakiomba kuongezwa wanataka raha, na wajiulize: nesi aliyeachiwa wodi nzima usiku atamsikiliza nani? Dereva hapewi treni mbili kwa wakati mmoja. Manesi wakidai watu zaidi na mafunzo zaidi, madai yao ni yetu pia, maana wanaolala katika vitanda vile ni wafanyakazi na watoto wa wafanyakazi. Twaiomba halmashauri ya tawi iwaunge mkono kwa barua na kwa sauti.

Nasi tuna wajibu wetu. Mwenzetu arudipo kazini, tusimwite kichaa, wala tusimhoji kama polisi. Tumwambie, "Karibu ndugu. Ukitaka kusema, tupo." Kisha tunyamaze, tumsikilize. Na mwajiri akitaka kumwachisha kazi kwa sababu tu alilazwa, hapo tusinyamaze hata kidogo.