Mvinyo Si Maziwa

BARAZANI na Mzee Shehoza

Jumamosi iliyopita nilifika kwa shemeji yangu Tabata nikiwa nimechelewa dakika kumi, na dakika hizo zinaniuma hadi leo. Nilipovua viatu mlangoni, kizibo kilikuwa kimeshang'olewa, kimelala mezani kando ya bakuli la kachumbari, na kijana mmoja wa jirani alikuwa akimimina Coca-Cola kwenye glasi ya Cornas ya 2022.

Coca-Cola. Nilisimama pale na soksi zangu nikashindwa hata kusalimia.

Chupa ile ilikuwa na historia, na kila aliyekuwa mezani aliijua. Binti wa shemeji alikuwa mwanafunzi Lyon, Ufaransa. Septemba ya mwaka ule alikwenda kuchuma zabibu Cornas, kijiji kilicho kando ya mto Rhône, kusini mwa Lyon, ili apate hela ya pango. Mashamba ya kule ni matuta yaliyojengwa juu ya mwamba wa itale. Mteremko ni mkali, trekta haina pa kukanyaga, kazi inafanywa kwa miguu na mgongo. Sheria ya mvinyo wa Cornas inaruhusu zabibu ya aina moja tu, Syrah, na binti yetu aliibeba kwa wiki mbili. Mvinyo ulipotoka kwenye mapipa ukatiwa chupani, mwenye shamba alimpa chupa mbili za mavuno yaleyale. Amezileta likizo hii, akamkabidhi baba yake kwa mikono miwili, akasema: "Baba, hizi uziweke." Nilikuwepo. Nilisikia.

Aliziweka wiki tatu. Zilisimama juu ya friji, mahali penye joto kuliko pote katika nyumba ile, na nilipouliza kwa nini moja imefunguliwa, shemeji akanijibu bila wasiwasi wowote: "Niliona isije ikapitwa na muda."

 

Kosa ni la pakiti za maziwa. Tumezoea kugeuza kila kitu kutafuta tarehe, tukaamini kwamba chochote chenye mwaka kwenye lebo kinahesabiwa siku zake za kuishi. Mwaka ulioandikwa kwenye chupa ya mvinyo ni mwaka zabibu zilipochumwa. Ni tarehe ya kuzaliwa, na shemeji aliisoma kama tangazo la msiba.

Nilionja ule uliobaki, bila soda. Ulikuwa na weusi wa zambarau iliyoiva, unanukia pilipili manga, na mara ulimi ukakauka kama nimekunywa chai ya rangi iliyosahaulika jikoni na majani yake ndani. Wageni walisema mkali, na kweli ulikuwa mkali. Ukali ule ni tanini, jamaa ya ile iliyomo kwenye chai, na kwenye mvinyo hutoka katika maganda na mbegu za zabibu. Ukiiacha gizani miaka mingi, tanini hushikana yenyewe kwa yenyewe, ikashikana na rangi pia, ikawa nzito, na sehemu yake ikatua chini kama mashapo. Juu hubaki ulaini. Sukari ya soda haiifanyi kazi hiyo hata kidogo, inaufunika mvinyo tu, na nilimwambia yule kijana hivyo mbele ya mama yake.

Mzee mmoja akataka kutupatanisha. Akasema mvinyo huu ni wa Washirazi, umetoka Shiraz kama wanavyosimuliwa waanzilishi wa Kilwa. Masimulizi matamu, na mzee yule namheshimu, lakini mwishoni mwa miaka ya 1990 wataalamu walipima vinasaba wakakuta wazazi wa Syrah wote wawili ni wa Ufaransa: Dureza na Mondeuse Blanche. Jina la Shiraz kwa zabibu hii limevuma kwa sababu ya Waaustralia.

Na Waaustralia nao nusura wafanye kosa la shemeji. Max Schubert, mtengenezaji mvinyo wa Penfolds, alikwenda Bordeaux mwaka 1950, akaona mvinyo uliotunzwa kwa miongo na bado una uhai. Mwaka uliofuata akaanza mvinyo wake, Grange, kwa Shiraz. Wakubwa zake wakaionja ikiwa ingali changa, wakaichukia, na mwaka 1957 wakamwamuru aache. Hakuacha. Aliendelea kwa siri kwa misimu mitatu, mpaka zile chupa za mwanzo zilipokomaa, zikaonjwa upya, na mwaka 1960 akaruhusiwa. Leo Grange ndiyo fahari ya nchi yao. Ulimi wenye haraka nusura uiue.

Mvinyo mwingi wa madukani umetengenezwa unywewe sasa, na ukiuweka miaka kumi hautakushukuru. Sizungumzii huo. Nazungumzia Cornas, Hermitage, Côte-Rôtie.

Mama yangu ana stoo ya mawe Lushoto. Humo, mwaka 2013, nililaza Cornas moja ya 2010. Nililaza, kizibo kibaki na unyevu. Ubaridi wa mle haufiki nyuzi 12 au 13 zinazotakiwa, ila hauyumbi, na giza lipo la kutosha. Mwezi Juni mwaka jana niliifungua na dada yangu mkubwa. Ukingo wa mvinyo ulikuwa umegeuka rangi ya tofali. Ilinukia ngozi, zaituni nyeusi, nyama iliyoning'inizwa juu ya moshi, na pilipili manga ilikuwa bado ipo, kwa mbali, kama mtu anayeongea chumba cha pili. Dada hanywi zaidi ya vidole viwili. Safari hii alisogeza glasi mwenyewe niongeze. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema: "Hii ilipoingia humu, baba alikuwa hai."

Ndicho shemeji alichokiacha kichanganywe na soda.

Chupa ya pili sikumwomba. Niliitoa juu ya friji, nikaizungushia kanga, nikaondoka nayo. Tangu Jumapili ananiita mwizi kwenye grupu la familia, na mke wangu yuko upande wa kaka yake. Nimeipeleka Lushoto Jumanne. Imelala kwenye rafu ya chini, imefungwa karatasi niliyoandika mwaka 2034 na jina la binti, si la baba yake. Kizibuo atashika yeye.