"Chuma ni chuma": msemo unaokula mtaji

MTEJA anaingia dukani na kipande cha shafti iliyokatika. Anauliza kama kuna chuma cha duara cha milimita 50. Muuzaji anapima, anakata mita moja, anapokea fedha na kuandika risiti yenye maneno machache tu: "chuma 50". Hakuna aliyeuliza shafti ilikuwa ya mashine gani, wala aliyetaja chuma kilichokatwa ni cha aina gani.

Biashara ya namna hii ni ya kawaida katika maduka ya vyuma, Gerezani jijini Dar es Salaam na katika miji mingine. Msingi wake ni imani kwamba chuma ni chuma, na kwamba tofauti iliyopo ni ya unene na urefu tu. Imani hiyo si sahihi, na mwenye kuilipia si mteja peke yake. Anayeumia zaidi ni mfanyabiashara mwenye mtaji mdogo.

Hesabu yake ni rahisi. Uzito wa chuma cha duara kwa kila mita hupatikana kwa kuzidisha kipenyo chake kwa kipenyo, katika milimita, kisha kugawa kwa 162. Kipande cha milimita 50 kina uzito wa kilo 15.4 hivi kwa mita, na cha mita sita ni karibu kilo 93. Hesabu hiyo ni karibu ileile kwa chuma laini cha kutengenezea mageti na kwa chuma kigumu cha shafti za mitambo mikubwa. Mizani haiwezi kuvitofautisha, na macho hayawezi pia. Bei ya kuvinunulia, hata hivyo, iko mbali sana.

Kwa hiyo mfanyabiashara aliyevichanganya ghalani amejitega pande zote mbili. Akiuza kigumu kwa bei ya laini, mteja anaondoka kimya na faida inaondoka naye. Akiuza laini kwa bei ya kigumu, shafti inakatika, mteja anarudi na maneno, na baada ya hapo harudi tena.

Kinachotofautisha vyuma hivi kwanza ni kaboni. Chenye kaboni isiyozidi asilimia 0.25 ndicho chuma laini. Hukunjika bila kupasuka, huchomelewa bila taabu, nacho hufaa kwa fremu, mabano, mageti na bolti za kawaida. Kaboni ikifika asilimia 0.4 hivi, ndicho kile kinachojulikana kama EN8, chuma cha shafti za kawaida, pini na gia zisizobeba mzigo mkubwa. EN9, yenye asilimia 0.55 hivi, ni ngumu zaidi na hustahimili msuguano, lakini huvunjika kwa urahisi zaidi ikigongwa.

Baada ya hapo huja vyuma vilivyoongezwa madini mengine. EN19 ina kromiamu na molibdeni, na EN24 ina nikeli pamoja na hayo mawili. Hivi ndivyo vya ekseli, gia nzito na shafti zinazopigwa na mzigo wa ghafla. EN24 iliyokwisha kupashwa moto na kuzimishwa kwenye mafuta kiwandani, inayouzwa kwa alama ya T, hustahimili mvuto wa niutani 850 hadi 1,000 kwa kila milimita ya mraba. Chuma laini huwa kati ya 400 na 500. Tofauti ya mara mbili si jambo la kuandikiwa "chuma 50".

EN31 ina kaboni ya asilimia moja na kromiamu ya asilimia 1.4 hivi, nacho ni chuma cha beringi. EN45 ina silikoni na manganizi, nacho ni chuma cha springi za magari. Meno ya mashine za kupondea mawe hutengenezwa kwa chuma chenye manganizi ya asilimia 12 hivi, ambacho huzidi kuwa kigumu kadiri kinavyogongwa. Kisichoshika kutu cha aina ya 304 kina kromiamu ya asilimia 18 na nikeli ya asilimia 8. Aina ya 316 huongezwa molibdeni, na ndiyo inayofaa kwa mtu wa pwani ambaye chombo chake kinakutana na maji ya chumvi.

Tatizo linaloongeza mkanganyiko ni majina. Namba za EN8 na EN24 zilitoka Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Waingereza wenyewe walizibadilisha mwanzoni mwa miaka ya 1970, EN8 ikawa 080M40, lakini mafundi na wauzaji wameshikilia majina ya zamani hadi leo. Wakati huohuo viwango vya sasa vya Ulaya navyo huanza kwa herufi EN, ingawa ni mambo mawili tofauti. Wamarekani huita chuma kinachokaribiana na EN8 kwa namba 1040, Wajerumani hutumia C45 na Wajapani S45C kwa kazi hizohizo. EN19 inakaribiana na 4140 ya Marekani, na EN24 na 4340. Mfanyabiashara asiyejua hili anaweza kukataa bidhaa nzuri ya bei nafuu kwa sababu tu haikuandikwa jina alilolizoea.

Wapo wanaodai kwamba mteja wa hapa hajali aina, anachotaka ni bei ndogo. Madai hayo yana ukweli nusu. Mwenye kutengeneza geti hahitaji zaidi ya chuma laini, na kumsukumia EN8 ni kumwibia. Lakini mwenye mashine ya kusaga nafaka, lori au kiwanda kidogo cha mafuta ya alizeti hupoteza kazi ya siku nzima kila shafti inapokatika. Huyo akielezwa tofauti atalipa. Na pini ya kuvutia tela ikikatika mlimani, hasara haitahesabiwa kwa shilingi pekee.

Uaminifu unadai pia kumzuia mteja asinunue ghali bila sababu. Vyuma vya shafti, laini kwa vigumu, hupinda karibu sawasawa vinapoanza kubeba mzigo. Tofauti yao ni pale vinapofikia kiwango cha kubaki vimepinda au kuvunjika. Ikiwa tatizo la mteja ni shafti inayocheza kwa kuwa nyembamba mno, EN24 haitamsaidia. Dawa yake ni shafti nene zaidi, pengine ya chuma cha bei ya chini. Muuzaji anayesema hivyo anakosa faida ya siku moja na kupata mteja wa miaka.

Vivyo hivyo kuhusu uchomeleaji. Chuma laini huungwa bila maandalizi makubwa, lakini EN8 na hasa EN24 huhitaji kupashwa moto kwanza na kupozwa polepole, la sivyo hupasuka pembeni mwa kiungo. Fundi asiyeambiwa atalaumu chuma, na duka litapata sifa mbaya kwa kosa ambalo sentensi moja ingelizuia.

Vyuma chakavu navyo vina mahali pake. Springi za malori hutoa mapanga, visu na patasi nzuri mikononi mwa mhunzi, kwa sababu kaboni yake inatosha kushika makali. Kuchonga shafti mpya kutoka kwenye ekseli iliyochoka ni jambo jingine. Nyufa zake ndogo hazionekani, nazo haziondoki kwa kukerezwa juu.

Kwa mwekezaji mdogo anayefikiria kuingia katika biashara hii, ni afadhali aanze na aina chache anazozijua kuliko ghala lililojaa asichokijua. Chuma laini na EN8 ndizo zenye mzunguko wa haraka. EN19 au EN24 ichukuliwe kwa vipenyo vichache ambavyo karakana za jirani zinaviulizia, kwa kuwa mtaji unaolala ghalani hauzai. Kila mzigo uje na cheti cha kiwanda, na namba ya myeyusho iliyoandikwa humo ilingane na iliyogongwa au kubandikwa kwenye chuma. Kila aina ipakwe rangi yake kwenye ncha, na ukataji uanzie ncha isiyo na rangi, ili kipande cha mwisho kibaki na jina lake.

Palipo na shaka, grainda husaidia. Chuma laini hutoa cheche ndefu zisizopasuka sana, na kaboni inavyozidi ndivyo cheche zinavyopasuka kama nyota. Kipimo hiki hutenganisha laini na kigumu, hasa kikilinganishwa na kipande kinachojulikana, lakini hakitoshi kutenganisha EN19 na EN24. Sumaku nayo haisaidii hapo, kwani zote mbili huvutwa. Kwa mzigo mkubwa, gharama ya kupima maabara ni ndogo kuliko hasara ya kukisia.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa muuza vyuma, daftari linaanzia kwenye rangi iliyo nchani mwa chuma na kuishia kwenye risiti. Risiti inayosema "EN8, milimita 50, mita moja" inamlinda mteja, na inamlinda zaidi aliyeiandika.