Jina la kubandikwa si ushahidi

Sisi wa Kisangani tunajua jinsi jina linavyoweza kumtangulia mtu. Patrice Lumumba alifanya kazi posta hapa, mji ukiitwa bado Stanleyville. Mwaka 1960 magazeti mengi ya Ulaya na Marekani yalimwita mkomunisti, ingawa mwenyewe alikana. Aliuawa tarehe 17 Januari 1961. Mwaka 1966 Mobutu, ambaye askari wake ndio waliomkamata, alimtangaza shujaa wa taifa. Marehemu hakuwa ametenda jambo jipya. Waliobadilika ni wenye kutoa majina.

Leo tunasikia yaleyale. Joseph Kabila aliongoza nchi miaka 18. Kwa wengine ni rais wa heshima, kwa wengine ni msaliti. Juni 2025 CSAC, baraza linalosimamia vyombo vya habari, lilikataza kutangaza habari zake. Septemba mahakama kuu ya kijeshi ikamhukumu kifo bila yeye kuwapo. Hatumtetei. Mashtaka ni mazito, na ndugu zetu wa Goma na Bukavu wanajua vita ni nini. Lakini jina likitangulia, msikilizaji haulizi tena: alifanya nini, wapi, nani alishuhudia?

Amri ya kutomshuhudia jirani uongo haikuwatenga wanasiasa. Basi, wapendwa, tunapoombea nchi kanisani na tunapotumiana habari kwenye simu, tutaje matendo yaliyothibitishwa. Majina ya kubandika tuyaache.