Chemirocha Hakungoja Kompyuta

Kuna maneno yanazunguka siku hizi kwenye studio na kwenye simu zetu: eti muziki uliorekodiwa umepitwa na wakati kwa sababu haubadiliki, na dawa yake ni programu inayokupigia wimbo tofauti kila ukibonyeza. Haurudii, hauishi, hauchoshi. Maprodyuza wanalihubiri jambo hili kama watu waliookoka jana. Mimi ni mtu wa Bureti, kule mashamba ya chai yanakopakana na mahindi ya wenyewe, na nasema: polepole, bana.

Kwanza, si jambo jipya. Brian Eno, Mwingereza, alitoa kazi ya aina hiyo mwaka 1996, ikiuzwa ndani ya disketi. Msanii anaweka kanuni, kompyuta inacheza kamari ndani ya kanuni hizo, na sauti inayotoka hairudi tena vilevile. Ni kazi ya akili, siwezi kuikataa. Kinachonikera ni wale wanaotuletea wazo hilo leo kama vile huku kwetu wimbo ulikuwa jiwe mpaka kompyuta ilipokuja kuupulizia pumzi.

Twende Kapkatet, kwenye barabara ya Litein kuelekea Sotik. Mwaka 1950 Hugh Tracey alifika hapo na mitambo yake ya kurekodi. Miaka minne baadaye angeanzisha maktaba ya muziki wa Afrika inayojulikana kama ILAM, ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Katika aliyoyanasa kwa Wakipsigis kuna wimbo uitwao Chemirocha. Jina hilo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilifika huku zikachezwa kwenye gramafoni. Wakipsigis wakamsikia, wakalipitisha jina lake kwenye ulimi wao, likatoka Chemirocha.

Sasa sikiliza hapa, maana watu hupaacha. Tracey hakurudi na Chemirocha moja. Alirudi na tatu: ya kwanza, ya pili na ya tatu. Iliyopata umaarufu duniani ni ya tatu, ya Chemutoi Ketienya na wasichana wenzake, sauti zao zikipanda juu ya nyuzi za kinubi. Jina moja, mahali pamoja, na hakuna inayofanana na nyingine. Santuri ya Rodgers haikubadilika hata kidogo. Sindano ilipita kwenye mfereji uleule kila mara. Waliobadilika ni wasikilizaji, na wao ndio waliougeuza muziki ukawa kitu kingine kabisa.

Kwa hiyo swali la kama wimbo unabadilika ni swali dogo. Swali kubwa ni nani anaubadilisha, na kwa nini. Nenda harusini huku kwetu umtazame kiongozi wa wimbo. Anatupa mstari, wenzake wanaitikia. Akimwona mjomba ameingia kwa mbwembwe, mjomba anaingizwa kwenye wimbo. Bonasi ya chai ikiwa mbaya mwaka huo, hiyo nayo inaimbwa. Wimbo unageuka kwa sababu kuna mtu mbele yake wa kujibiwa. Programu inageuza kwa sababu nambari zimeangukia upande mwingine. Haikuoni wewe, haimjui mjomba. Tukiita yote mawili uhai, basi na kifuniko cha sufuria kinachorukaruka kwa mvuke ni ngoma.

Najua kuna atakayesema: si basi wewe unatetea jambo lilelile, wimbo usiogandishwa? Hapana. Mimi naitetea rekodi iliyoganda, tena kwa moyo wote. Miaka 65 baada ya Tracey, ILAM pamoja na Tabu Osusa wa Ketebul Music ya Nairobi walizirudisha rekodi zile Kapkatet, na wazee wakasikia sauti za ujana wao. Hilo liliwezekana kwa sababu sauti ilikaa pale ilipowekwa. Wimbo unaobadilika kila ukichezwa hauwezi kuwa shahidi. Hakuna atakayeurudisha kwa mwenyewe, kwa sababu haujawahi kuwa na mwenyewe. Na sisi wa nchi ya chai tunajua thamani ya ushahidi. Mchumaji akikosa karatasi ya kilo zake, ni neno lake dhidi ya neno la karani, na wote tunajua nani husikilizwa.

Kilichoganda vibaya katika habari ya Chemirocha ni maelezo. Tracey aliandika kwamba wasichana wale walimwimbia kiumbe nusu mtu nusu swara, wakimwomba aruke acheze mpaka nguo zimtoke. Tangu hapo maandishi mengi yamerudia hekaya hiyo, neno kwa neno: tazama Waafrika wa ajabu, walimdhania mwimbaji ni swara! Wachache sana waliwaza kwamba wasichana huenda walikuwa wakicheka, kwamba ulikuwa utani wa vijana, kama sisi tunavyomtania staa wa nje mtandaoni. Wimbo uliruhusiwa kuwa hai. Akili za walioimba hazikuruhusiwa.

Sasa akili mnemba inakuja na njaa ya sauti, na hapa ndipo pesa ilipo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inailinda rekodi ya sauti kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliyorekodiwa. Kwa hesabu hiyo, ya mwaka 1950 ilikwisha ulinzi mwishoni mwa 2000. Mtu anaweza kuichukua sauti ya Chemutoi, akaisaga ndani ya programu, ikatoa nyimbo elfu moja zisizofanana, na kila moja akaiita yake. Utamdai kwa ipi? Kubadilika huko ndiko kunakofuta nyayo.

Mei 2023 waandamanaji walichoma mashine za kuchuma chai Kericho. Wengine wakasema watu wa huku wanaogopa teknolojia. Mtu ambaye kazi yake imechukuliwa na mashine haulizi inatumia mafuta gani. Anauliza faida inaingia mfuko wa nani. Hilo ndilo swali langu kwa muziki huu wa kisasa, na sitalibadilisha.

Tunayo Sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, na inazipa kaunti kazi ya kusajili mali hizo. Basi kaunti za Kericho na Bomet ziandike: nyimbo hizi, jamii hii, waimbaji hawa kwa majina yao. Rekodi zichezwe shuleni, na watoto waachwe waziimbe vibaya, wazigeuze, waingize majina ya walimu wao wakorofi. Huko ndiko kubadilika ninakokutaka.

Na wewe prodyuza mwenye laptopu, sikukatazi. Chukua kipande, kata, geuza utakavyo. Lakini andika: Chemutoi Ketienya, Kapkatet, 1950. Kisha panda matatu uje, uwatafute wanaoimba leo, ukae nao, na ukimaliza kurekodi uwalipe siku hiyohiyo, kabla ya kupanda gari la kurudi.