Picha za Seli Zisiachiwe Polisi

Albert Ojwang alikuwa mwalimu. Juni 7, 2025 maafisa wa polisi walimkamata nyumbani kwao Homa Bay kwa tuhuma za kuchapisha mtandaoni habari kumhusu Naibu Inspekta Jenerali, wakamsafirisha usiku hadi Nairobi, na kabla ya siku ya pili kupambazuka vyema alikuwa ameshafariki mikononi mwa Kituo cha Polisi cha Central. Taifa liliambiwa kwamba alijigonga kichwa ukutani. Mwanapatholojia wa serikali alipoipasua maiti alikuta majeraha ya kichwa na dalili za kukabwa shingo, akasema wazi kwamba si rahisi mtu kujitendea hayo mwenyewe. Inspekta Jenerali Douglas Kanja alisimama mbele ya Seneti akaomba radhi kwa maelezo yale ya kwanza.

Kituo cha Central kina kamera. Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA, ilipokwenda kutafuta picha za usiku ule, iliwaeleza maseneta kuwa mtambo wa kuzihifadhi ulikuwa umechezewa.

Nani alimuua Ojwang ni suala lililo mbele ya mahakama, nasi hatutaligusa. La kamera ni letu sote, kwa kuwa tulizilipia, na tuliambiwa zitatulinda.

Ahadi hiyo ina historia. Baada ya magaidi kuwaua watu 67 katika jengo la Westgate mwaka 2013, serikali iliipa Safaricom kandarasi ya karibu Sh15 bilioni ya kujenga mtandao wa mawasiliano wa polisi, pamoja na kamera 1,800 za kuangaza Nairobi na Mombasa. Wabunge waliitilia shaka zabuni ile, wakaisimamisha kwa muda, kisha wakaipitisha. Hoja iliyowanyamazisha wengi ilikuwa moja: mhalifu akijua anaonekana, ataogopa, na mwananchi akijua analindwa, atalala.

Hoja hiyo ina ukweli kiasi, na haki yake tuipe. Watafiti waliokusanya matokeo ya miaka 40 kutoka nchi mbalimbali, wakayachapisha mwaka 2019, walikuta kwamba penye kamera uhalifu hupungua kwa takriban asilimia 13. Nafuu kubwa ilikuwa katika maegesho ya magari. Kwa uhalifu wa kutumia nguvu, yaani kupiga, kujeruhi na kuua, hawakuona upungufu wa kutegemewa. Mwenye kuvunja kioo cha gari hupima faida na hatari. Aliyekusudia kufa hapimi chochote: washambuliaji wa hoteli ya DusitD2, Januari 15, 2019, walinaswa na kamera wakiingia langoni, na bado watu 21 waliuawa. Mkazi wa Mathare anayepita kichochoroni saa nne za usiku angefaidika zaidi na taa ya barabarani ya mulika mwizi inayowaka, na afisa wa zamu anayeitika simu.

Kwa hiyo kamera haimzuii muuaji. Kazi yake kubwa ni kushuhudia, na shahidi hafai kitu ikiwa mshukiwa ndiye anayemweka ndani na kumfungia mlango. Hapa ndipo serikali zetu, moja baada ya nyingine, zimekataa kufika.

Turudi Westgate. Picha zilizoonyesha wanajeshi waliokwenda kupambana na magaidi wakitoka madukani na mifuko zilitoka kwa kamera za jengo lenyewe. Jeshi lilisema kwanza kwamba vijana wake walibeba maji ya kunywa. Picha zikabaki pale pale, na baadaye wanajeshi wawili wakafukuzwa na kufungwa kwa uporaji. Tazama pia Juni 17, 2025, siku chache tu baada ya kifo cha Ojwang, wakati wananchi walipokuwa wakiandamana kumlilia: mchuuzi wa barakoa alipigwa risasi kichwani na polisi, kwa karibu kabisa, katikati ya jiji. Alifariki kabla ya mwezi kwisha. Hakuna aliyeweza kusema kwamba alijigonga ukutani, kwani tukio zima lilirekodiwa na watu waliokuwa barabarani, wasiomtii mkuu wa kituo yeyote.

Tofauti haiko kwenye ubora wa vyombo. Kila mara picha iliposhikwa na mtu asiyetuhumiwa, ukweli ulipenya. Pale Central iliposhikwa na wenye kutuhumiwa, iliharibiwa. Kuongeza kamera nyingine 1,000 chini ya mpango ule ule ni kuongeza vitu vya kufuta.

Tunajua jibu litakalotoka wizarani: usalama wa taifa. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 imeufungulia mlango udhuru huo, na serikali huupenda. Lakini katika ukumbi wa seli za kituo cha polisi hakuna siri ya taifa. Kuna raia aliyenyang'anywa simu, mshipi na uhuru wake, ambaye Katiba inasema haki zake za utu haziondoki hata akiwa kizuizini. Mtu huyo hana shahidi mwingine isipokuwa mashine iliyo juu ya mlango.

Uamuzi wetu ni huu. Picha za kila kamera iliyo ndani ya kituo cha polisi, kuanzia meza ya kitabu cha matukio (OB) hadi mlango wa seli, zitumwe papo hapo kwenye hifadhi inayosimamiwa na IPOA, na afisa wa kituo asiwe na uwezo wa kuzifuta wala kuzibadilisha. IPOA ipewe fedha za kazi hiyo katika bajeti, kwa jina, zisiwe za kuombaomba. Kamera ikizimika mshukiwa akiwa ndani, mkuu wa kituo aandike sababu kabla zamu haijaisha. Mshukiwa akifa au akiumizwa katika muda huo, mkuu huyo asimamishwe kazi siku hiyo hiyo, na mzigo wa kueleza uwe wake badala ya kuwa wa familia iliyofiwa.

Hayo hayahitaji tume nyingine wala ziara ya kujifunza ng'ambo. Yanahitaji mswada mfupi na wabunge watakaobaki ukumbini hadi kura ipigwe. Kabla ya shilingi nyingine kutengwa kwa kamera za barabarani, Wizara ya Usalama wa Ndani ilete Bungeni orodha ya vituo vyote vya polisi nchini, ikionyesha vipi vina kamera katika seli, zipi kati yake zinafanya kazi, na nani ameshika ufunguo wa chumba cha mitambo.